Kujenga kwa Utando wa Uyoga Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Utando wa uyoga ni nini, na unageukaje kuwa kifaa cha ujenzi?

Uyoga tunaoupika ni tunda tu. Mwili wa kuvu wenyewe ni nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zinazopenya ndani ya mbao au makapi na kuyala taratibu. Kitaalamu huitwa maiseliamu. Hapa tutauita utando. Ukiuotesha kwenye unga wa mbao uliolowa, huzunguka kila chembe na kuifunga kwa jirani yake, mpaka kitu kilichokuwa kinamwagika kama mchanga kinanyanyuka kizima kama mkate. Ukikikausha hapo hapo kwa joto la kutosha, kuvu inakufa na umbo linabaki: jepesi, limejaa vijitundu vya hewa, halina saruji wala gundi ya kiwandani.

Usitegemee tofali. Kitu kinachofanana nacho zaidi ni lile povu gumu jeupe linalofungashwa pamoja na televisheni mpya, ila hiki ukikivunjavunja kinakuwa mboji.

Kwa hiyo siwezi kujengea ukuta unaobeba nyumba?

Huwezi, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakupotosha. Kipande kilichooteshwa bila kushindiliwa kwa mashine huwa na uzito wa kilo 100 hadi 250 kwa mita ya ujazo, na huhimili mgandamizo wa megapaskali 0.2 hadi 0.5. Kwa lugha ya saiti, ni kilo 2 hadi 5 juu ya kila sentimita ya mraba, kisha kinaanza kubonyea. Zege la kawaida la nguzo huanzia megapaskali 20.

Majengo ya uyoga yanayosambazwa kwenye picha yanahitaji kusomwa vizuri. Mnara wa Hy-Fi uliosimamishwa mwaka 2014 kwenye uwanja wa jumba la sanaa la MoMA PS1, New York, ulitumia matofali ya utando yapatayo 10,000, lakini ulikuwa wa maonyesho ya kiangazi kimoja, kisha ukavunjwa na kufanywa mboji. MycoTree, muundo wenye umbo la mti uliosimamishwa mwaka 2017 huko Seoul, ilibeba mzigo kwa sababu wabunifu waliupanga muundo wote ili kila tawi lisukumwe tu, lisivutwe wala kupindwa, na kila kiungio kiliwekewa kipande cha mwanzi. Namibia ni habari nyingine. Mradi wa MycoHab husaga vichaka vamizi, huoteshea uyoga wa kula, kisha mabaki hushindiliwa kwa mashine na kuokwa yawe matofali. Ugumu wao unatokana na mashine hiyo, si utando peke yake. Kenya nako kuna MycoTile, wanaotengeneza mbao za kuzuia joto kwa masalia ya mashambani.

Basi hapa Dar inafaa kwa kazi gani?

Kwanza kabisa, dari. Bati lililopigwa na jua la Januari hupita nyuzi joto 60, na nyumba nyingi zina jasi ya milimita 9 tu kati ya bati na kichwa cha mtu. Utando mkavu hupitisha joto kidogo sana, wati 0.05 hadi 0.07 kwa mita kwa kila nyuzi. Kipande cha sentimita 4 huzuia joto zaidi ya mara 10 ya ile jasi, na uzito wake hauzidi sana: kilo 9 hadi 10 kwa mita ya mraba.

Pili, kupunguza mwangwi: ofisi zilizogawanywa kwa vioo, studio za kurekodia, madarasa, kumbi za ibada. Vijitundu vyake hunywa sauti za kati na za juu vizuri. Besi nzito haviiwezi. Tatu, kujaza katikati ya kuta nyepesi za ndani zenye fremu ya mbao.

Usiuweke bafuni, nje ya ukuta, wala karibu na sakafu.

Nitumie uyoga wa aina gani?

Kwa anayeanza, mamama. Mbegu zake zinapatikana kwa wazalishaji wa mbegu za uyoga nchini, mara nyingi zikiwa punje za mtama zilizooteshwa utando. Lakini mamama si mmoja. Kuna wa nchi baridi, Pleurotus ostreatus, ambaye hupenda nyuzi 20 hadi 25 na hudhoofika haraka hapa kwetu. Uliza Pleurotus pulmonarius, wengine humwita sajor-caju, au aina ya florida. Hawa hustahimili hadi karibu nyuzi 30. Ganoderma, kuvu ngumu ya kwenye mashina ya miti, hutoa ngozi ngumu zaidi na hupenda joto, ila huchukua muda mrefu zaidi. Usiikate kwenye shina la mti mtaani ukaleta kwenye karakana: hujui ni ipi, na jamii hiyo ina zinazoozesha miti hai, minazi ikiwemo.

Chupa au mfuko wa mbegu uangalie mwangani kabla ya kulipa. Mtama uwe umefunikwa na weupe mtupu na harufu iwe ya uyoga mbichi. Ukiona doa la kijani, nyeusi au rangi ya chungwa hata dogo kama punje ya dengu, au maji ya manjano yametuama chini, acha.

Malighafi nitaipata wapi?

Jiji hili linaitupa kila siku. Unga wa mbao na maranda yako Keko kwa mafundi samani. Makumbi ya nazi yako kwenye masoko na kwa wafua nazi. Makapi ya miwa yamejaa ndoo za wauza juisi. Pumba za mpunga ziko kwenye mashine za kukoboa.

Kila kimoja kina kasoro yake. Unga wa Keko mara nyingi ni mchanganyiko, na ndani yake kuna mninga, mkongo na mtiki. Mbao hizo zinasifiwa kwa kutooza, na sababu ya kutooza ndiyo hiyo hiyo inayoufanya utando usiote. Mwombe fundi akutengee unga wa mwembe, mkaratusi au mbao nyingine zinazooza haraka. Paini inakubali, ila utomvu wake huchelewesha. Uache nje ulowe na kukauka kwa wiki kadhaa kwanza. Usichukue vumbi la emdiefu (MDF, mbao za unga uliogandishwa kwa gundi) wala la mbao zilizowekwa dawa, zile zenye rangi ya kijani: gundi na dawa zitaua utando, na wewe utazivuta puani. Makapi ya miwa yana sukari iliyobaki; yasipooshwa na kukaushwa siku ile ile huchacha, na ukungu huyawahi. Pumba za mpunga ni ngumu kuliwa, kwa hiyo zisizidi robo ya mchanganyiko, ila silika yake husaidia mbele ya moto.

Nipeni vipimo kamili.

Hivi vinatosha vipande 7 vya sentimita 40 kwa 40, unene sentimita 4:

- unga wa mbao na maranda, nusu kwa nusu, kilo 7.5
- usumba wa makumbi, au makapi ya miwa makavu, uliokatwa sentimita 1 hadi 2, kilo 1.5
- pumba za mahindi, kilo 1
- chokaa, gramu 100
- maji, lita 13 kwa kuanzia
- mbegu, kilo 2.5
- unga wa ngano, gramu 250, wa hatua ya pili tu

Usumba ndio unaozuia kipande kisikatike vipande viwili ukikishika kwa ncha moja. Pumba za mahindi ni chakula cha kuharakisha. Ukizidisha, unawakaribisha ukungu na bakteria mezani.

Maji yapime kwa mkono, si kwa lita peke yake, kwa sababu unga wa msimu wa masika unakuja na unyevu wake. Chukua konzi, kamua kwa nguvu zako zote. Tone moja au mawili yakichungulia kati ya vidole, sawa. Yakitiririka, ongeza maranda makavu. Mchanganyiko uliolowa mno hukosa hewa katikati na hunuka kama pombe iliyochacha. Lisipotoka hata tone na konzi ikasambaratika ukiifungua, ongeza maji kidogo kidogo.

Hatua ni zipi?

Jaza mchanganyiko kwenye mifuko ya plastiki inayovumilia mvuke, kilo 2 hadi 3 kila mmoja. Panga ndani ya pipa juu ya wavu wa nondo, maji yakiwa chini bila kugusa mifuko. Funika, chemsha, na hesabu saa 5 kuanzia pale mvuke unapotoka kwa nguvu kwenye mfuniko, si pale ulipowasha moto. Hapa ndipo wengi hukosea: katikati ya mfuko huchelewa sana kupata moto. Iache ipoe ndani ya pipa lililofungwa mpaka uusikie mfuko umepoa kabisa ukiuweka shavuni. Chini ya nyuzi 30 ndiyo uweke mbegu.

Uwekaji wa mbegu fanya alfajiri, upepo ukiwa umetulia, ndani ya chumba kilichofungwa bila feni. Futa meza, mikono na visu kwa spiriti. Vunja mbegu zikiwa ndani ya mfuko wake, mimina, changanya haraka, funga na kuziba mdomo kwa pamba safi ili hewa ipite.

Weka chumba cha giza siku 8 hadi 12. Mfuko ukiwa mweupe wote, uvunjevunje kwa mikono yenye glavu, changanya ule unga wa ngano, kisha ushindilie kwenye kalibu. Kalibu iwe ya plastiki, au ya plaiwudi iliyofunikwa nailoni. Mbao tupu italiwa na kipande kitagandamana nayo. Kila kalibu ipate kilo 3.6 hadi 3.7. Shindilia pembe kwanza kwa ngumi, halafu katikati. Pembe zilizolegea ndizo zinazomeguka wakati wa kufunga. Funika kwa nailoni yenye matundu ya milimita 3, kila sentimita 5.

Baada ya siku 4 hadi 6 kipande kinajibandua chenyewe. Kitoe, kigeuze, kifunike kwa nailoni iliyolegea siku 2 zaidi. Ngozi nyeupe inayoota pande zote wakati huu, laini kama ngozi ya kondoo, ndiyo itakayozuia chembe zisidondoke darini.

Kwa nini mifuko yangu inakuwa ya kijani?

Kijani ni ukungu wa Trichoderma, na kwa Dar ndio adui namba moja. Mahali ulipoanzia panakuambia chanzo. Ukianza mdomoni mwa mfuko, uliingia wakati wa kuweka mbegu. Ukitokea katikati na mifuko mingi kwa siku moja, mvuke haukutosha. Ukifuata punje za mtama, mbegu zilikuja nao. Ukungu wa rangi ya chungwa unaokua usiku mmoja na kupukutika kama poda ni Neurospora. Huo husambaa kwa kasi mno, kwa hiyo usiufungue mfuko wake ndani ya karakana kwa hali yoyote.

Halafu kuna joto, na hili ndilo tunalotaka lieleweke kuliko yote. Utando unapokula hutoa joto lake wenyewe, hivyo katikati ya mfuko huzidi chumba kwa nyuzi 3 hadi 5. Chumba cha nyuzi 31 kina mfuko wa nyuzi 35 ndani, na hapo mamama anasuasua huku ukungu ukistawi. Ndiyo maana tunasema mifuko midogo, iachane sentimita 5, na isirundikwe. Miezi ya Juni hadi Agosti, kipupwe, ndiyo ya kuotesha kwa wingi. Desemba hadi Machi tafuta chumba cha chini chenye ukuta mnene, mwaga maji sakafuni, na ongeza mbegu hadi asilimia 15 ya uzito wa mchanganyiko uliolowa ili utando uwahi kushika. Ukiwa na chumba chenye bati bila dari, mwezi wa Februari pumzika tu.

Nikaushe vipi? Jua la Dar halitoshi?

Jua linatosha kutoa maji, halitoshi kuua kuvu kwa uhakika. Utando uliokauka bila kufa hulala tu. Bati likivuja miezi minane baadaye unaamka na kuendelea kula, na safari hii unaweza kuchipua uyoga darini.

Fanya kwa awamu mbili. Anika juu ya wavu, hewa ipite chini na juu, siku 3 hadi 4, ukigeuza kila asubuhi na kuingiza ndani kabla ya saa 12 jioni. Kisha ingiza kwenye tanuri la nyuzi 80 hadi 90 mpaka katikati ya kipande pafike nyuzi 70 na pabaki hapo saa 2. Choma kipimajoto ndani. Joto la tanuri si joto la kipande. Tanuri la mikate linalopoa baada ya uokaji linafaa sana. Ukianzia kwenye moto mkali bila kuanika, uso hukakamaa, maji hufungiwa ndani, na kipande hupinda kama chapati.

Mizani ndiyo mwamuzi. Kipande cha kilo 3.6 kitashuka hadi kilo 1.4 au 1.5. Pima, rudisha saa moja, pima tena. Uzito ukibaki ule ule, kimekauka. Kitakuwa kimesinyaa milimita 10 hadi 20 kwa upande, kwa hiyo usikate mbao za dari kabla ya kupima vipande vikavu.

Na mchwa?

Watakula. Hiki ni chakula chao kilichokwisha kulainishwa. Kinga ya kwanza ni mahali: dari iliyo mbali na udongo, na mbao za paa zilizowekwa dawa. Kinga ya pili ni kupulizia vipande vikavu myeyusho wa gramu 60 za boraksi na gramu 40 za asidi ya boriki kwa lita moja ya maji ya moto, kisha kukausha upya. Vaa glavu na miwani, na weka mbali na watoto. Dawa hii huoshwa na maji, kwa hiyo haisaidii mahali panapolowa.

Moto je?

Huungua polepole na kufanya kaa juu, bila kuyeyuka na kudondoka matone ya moto kama povu la plastiki. Hiyo haimaanishi hauungui. Nyaya zote zipite ndani ya mabomba, na taa za kuzamishwa darini ziachiwe nafasi ya sentimita 10 kuzunguka. Lipu nyembamba ya chokaa upande wa chini huongeza kinga, na hali yake ya alkali huzuia ukungu wa juu juu.

Kufunga kunahitaji fundi maalumu?

Fundi dari yeyote ataweza. Kabla ya yote, siku ya mvua panda darini na tochi. Mipira ya misumari ya bati iliyokakamaa na kupasuka ndiyo inayovujisha matone madogo yasiyoonekana chini, ibadilishe yote. Mbao za inchi 2 kwa 2 zifuate ukubwa wa vipande vilivyokauka, kila ukingo ukae juu ya mbao. Tumia skrubu zenye washa pana za sentimita 3, kwa sababu kichwa cha skrubu pekee hupenya na kutokea upande wa pili. Acha angalau sentimita 10 za hewa kati ya kipande na bati, na matundu ya kutolea hewa yenye wavu pande mbili za paa. Usipake rangi ya mafuta: unyevu unaoingia kwa juu utakosa pa kutokea.

Chumba cha mita za mraba 10 kinahitaji nini?

Vipande 66 hadi 70, kwa sababu vikikauka hubaki sentimita 38 hadi 39 kwa upande. Hesabu hasara ya asilimia 15 kwa ukungu na kuvunjika, utengeneze 83. Hiyo ni karibu kilo 119 za malighafi kavu na kilo 30 za mbegu. Mbegu na nishati ya mvuke ndizo zinazokula pesa. Malighafi ni usafiri tu.

Kweli ni rafiki wa mazingira?

Inategemea unachochea na nini. Saruji hutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na kuotesha kitu kwa nyuzi 27 badala ya kukichoma tanuruni ni faida ya kweli. Lakini ukichemsha mapipa na kukausha kwa mkaa wa misitu ya Pwani, umeirudisha faida hiyo msituni na shoka. Chochea kwa makumbi ya nazi yaliyobaki au gesi, na acha jua lifanye sehemu kubwa ya ukaushaji.

Kuna madhara ya kiafya?

Kipande kilichokufa hakitoi spora, lile vumbi la uzazi la uyoga. Hatari iko karakanani: vumbi la mbao, ukungu, na uyoga ukiachwa ufunguke. Vaa barakoa nzuri, na vipande vikianza kuchipua vikate na kuvikausha siku hiyo hiyo. Mwenye pumu asikae chumba cha giza.

Kibali kinahitajika?

Kwa nyumba yako mwenyewe, kubadilisha dari hakugusi muundo. Kwa jengo la umma au la biashara, mshirikishe mbunifu majengo aliyesajiliwa, na sampuli zipimwe moto na unyevu kwenye maabara kabla ya kuandikwa kwenye michoro. Shirika la Viwango Tanzania, pale Ubungo, ndipo pa kuulizia upimaji.

Mifuko iliyoharibika niifanye nini?

Itoe ikiwa imefungwa, mbali na karakana na upande upepo unakoelekea. Ichemshe tena kwenye pipa saa 2, ndipo uifungue na kumwaga kwenye shimo la mboji pamoja na majani mabichi. Vipande vilivyovunjika vikiwa vikavu havihitaji kuchemshwa: vitwange, loweka usiku kucha, fukia kwenye mboji. Vile vilivyopuliziwa boraksi visiingie humo kabisa, kwa sababu boroni ikizidi huunguza ncha za majani ya mchicha.